Kizuizi cha Jiko Chenye Komeo la Plastiki: Uzoefu Wangu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na msomaji anayetaka maoni ya mtu aliyetulia atanisamehe. Bidhaa yenyewe ni kizuizi cha wavu wa chuma kinachokunjwa, ambacho huzungushiwa jiko la mkaa ili mtoto au mnyama asilifikie. Nilikiagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam linalotuma mizigo mikoani kwa basi, baada ya kusoma tangazo lao kwamba kinalinda dhidi ya kila chanzo cha joto nyumbani. Urefu, uzito na rangi sitavitaja, kwa kuwa vyote vimo kwenye tangazo hilo. Lisilokuwemo ni kwamba komeo la mlango wake, yaani kile kitu kimoja kinachoufanya wavu huo ustahili kuitwa kizuizi, limetengenezwa kwa plastiki. Kuna mtu alikaa akabuni kifaa cha kukaa kando ya moto kutwa nzima, kisha akakifunga kwa plastiki, na kuna mfanyabiashara aliyekitazama akaona kinafaa kuuzwa.

Sisi tunaoishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hatuwezi kumweka mbwa mbali na jiko kwa kumkemea tu. Mwezi Juni na Julai baridi ya huku haina huruma, na kiumbe yeyote mwenye akili huenda kulala penye joto. Bobi ni mbwa wa kienyeji ambaye bado hajatimiza mwaka, na udadisi wake umenizeesha. Amekwisha kuramba pasi iliyowekwa chini ipoe, ametafuna waya wa hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, ambayo kwa bahati ilikuwa haijachomekwa ukutani, na amefukua majivu yaliyomwagwa nyuma ya nyumba, ambayo kwa macho huonekana yamezimika ilhali ndani yake makaa hubaki hai kwa saa nyingi. Hayo yote kizuizi hakiyagusi, kwa hiyo ile ahadi ya kila chanzo cha joto ilikuwa maneno matupu tangu mwanzo. Lakini jiko ndilo lililokuwa likininyima usingizi, na kwa ajili ya jiko nililipa.

Kwa siku za mwanzo nilikisifu kwa kila aliyeingia nyumbani, na haki lazima itendeke: wavu wake ni mzuri. Matundu ni madogo kiasi kwamba pua ya mbwa haipenyi, miguu yake imekaa imara sakafuni, na Bobi alipousukuma kwa bega haukuyumba. Alizunguka mara kadhaa, akanung'unika, akalala nje ya uzio huku akiota moto kama mstaafu. Nilikuwa tayari kumwandikia muuzaji shukrani.

Kisha ikafika jioni ya kongoro. Anayejua kupika kongoro anajua kwamba haliivi kwa pupa, nami nilikuwa nimeliinjika tangu mchana kwa moto wa taratibu, nikiongeza mkaa kila ulipopungua. Makaa yaliyokolea hadi yakawa mekundu hupita nyuzi 600 za selisiasi, na plastiki nyingi tunazotumia majumbani huanza kulegea kabla ya kufika hata nyuzi 200. Kizuizi kilikuwa umbali uleule ulioelekezwa kwenye karatasi yao ya maelezo. Joto lile la saa nyingi lililainisha komeo polepole, bila moshi wala harufu ya kunishtua, hadi likainama na kuuachia mlango. Mlango ulifunguka wenyewe. Bobi, ambaye alikuwa akiisikiliza harufu ya ile supu tangu mchana, hakuhitaji kukaribishwa. Nilisikia mlio wake nikiwa chumba cha pili, na nilipofika alikuwa amekwisha kukanyaga ukingo wa jiko kwa mguu wa mbele, sharubu za upande mmoja zimeungua, na sufuria imeponea chupuchupu. Supu ya kongoro inayochemka ingemwagika mgongoni mwake, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine kabisa.

Nilimpeleka bombani nikaumwagilia mguu wake maji ya kawaida kwa zaidi ya dakika kumi, na majirani wema waliokuja na dawa ya meno na unga wa ngano niliwarudisha na vitu vyao. Daktari wa mifugo aliniambia kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa: maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, si barafu, si mafuta, si dawa ya meno, kwa kuwa vitu hivyo huzidisha madhara au huchafua kidonda. Aliniambia pia nimkague mwili mzima kwa siku zinazofuata, maana manyoya huficha ngozi iliyoungua na ukubwa wa jeraha huenda usionekane siku ileile. Bobi alivalishwa kola shingoni asijilambe, akawa anagonga kila mlango anaopita.

Nilipopiga simu dukani nilikuwa mpole. Ninasisitiza jambo hilo kwa sababu baadaye nilielezwa kuwa mimi ni mteja mkorofi. Kijana aliyepokea hakuniamkia, ingawa sauti yangu inatosha kumjulisha mtu kwamba anazungumza na mtu wa umri wa mama yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Sasa maza, plastiki si lazima iyeyuke ukiiweka kwenye moto?" Nilimjibu kwamba si mimi niliyeiweka, bali wao. Akaendelea: "Halafu mbwa anafungwa nje. Jikoni anatafuta nini?" Nilipotaja kurudishiwa fedha, akanikumbusha kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na nilipoomba walau risiti ya mashine, ambayo sikuwahi kupewa, simu ikakatika. Huenda mtandao ulisumbua. Sitaki kumsingizia mtu, ingawa nilipopiga tena iliita bila kupokelewa hadi usiku.

Kauli ile ya mbwa kufungwa nje imenikera kuliko hasara yenyewe. Ninajua wengi wetu tumelelewa hivyo, na simlaumu mtu anayemfuga mbwa wake uani. Lakini duka hilohilo, kwenye tangazo la bidhaa hiyohiyo, limeweka picha ya mbwa amelala sebuleni kando ya jiko la mkaa, dirisha limefungwa na pazia limeteremshwa. Picha hiyo peke yake ingetosha kuwafikisha mahali pabaya, kwa kuwa mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu na wanyama wakiwa usingizini. Kwa hiyo wakati wa kuuza, mbwa ni wa sebuleni, na wakati wa kulalamikiwa, mbwa ni wa kufungwa nje.

Nilimpelekea fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu kizuizi kile. Aliling'oa komeo lililobaki, akachomelea kipande cha nondo kinachoingia kwenye kitanzi cha chuma, akaniambia nirudi jioni. Tangu hapo kimefanya kazi bila kosa, na lazima nikiri kwamba nimekitumia msimu wote wa baridi uliobaki nikiwa na amani. Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu kwa sababu hiyo, nikiamini kwamba chuma kizuri chenye kasoro moja bado ni chuma kizuri, na kwamba anayeishi karibu na fundi anaweza kukinunua bila majuto. Tatizo ni kwamba fundi huyohuyo aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kizuizi kizima angenitengenezea kwa bei ndogo kuliko niliyolipa, nauli ya basi ikiwa haijahesabiwa.

Pamoja na hayo ningeshikilia nyota mbili, kwa heshima ya ule wavu, kama nisingepokea ujumbe wao juzijuzi. Walikuwa wananijulisha, kwa furaha na alama za vicheko, kwamba sasa wana makomeo ya akiba yanayouzwa peke yake. Niliitazama picha. Ni ya plastiki, safari hii nyeusi badala ya nyekundu.

Nyota moja. Nimehifadhi komeo lililoyeyuka pamoja na ujumbe wa malipo kwenye simu, na vyote vitaenda Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Kwa wale ambao wamekwisha kulipia, msiwashe mkaa kabla ya kuling'oa komeo hilo. Hata waya wa kufungia nondo uliosokotwa vizuri unalishinda. Kiwekeni kizuizi hatua moja kamili kutoka kwenye jiko, zaidi ya karatasi yao inavyosema, kwa sababu wavu wenyewe ukikaa karibu hupata joto la kuunguza pua. Majivu yatieni kwenye debe la bati lenye kifuniko, nalo liwekwe mahali ambapo mbwa hafiki.