Magofu ya Mikindani: filamu ya 4×5 au roli ya 120?

Kwa kupiga picha kuta za matumbawe na chokaa za Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, kamera kubwa ya 4×5 (filamu bapa ya inchi 4 kwa 5) ina jambo moja lisilo na mpinzani: unapandisha lenzi bila kuielekeza kamera juu, na ukuta unabaki wima. Eneo la negativu yake ni zaidi ya mara tatu ya 6×6, picha ya mraba ya sentimita 6 kwa 6 ya roli ya 120. Ila mvukuto wa zamani, kifuko cha mikunjo kati ya lenzi na filamu, hutoboka kwenye kona za mikunjo. Washa tochi ndani yake gizani uone vitone vya mwanga. Kishikio kimoja cha filamu hubeba filamu 2 tu, na kusi ikivuma mvukuto hutikisika kama tanga.

Roli ya 120, filamu ya kuviringishwa, hutoa picha 12 za 6×6, hupakiwa kivulini, na ni nafuu. Mwenye siku nzima na stendi nzito, 4×5. Anayepita na bodaboda kuelekea Lindi, roli.