Cherehani ndogo ya laki nne na nusu, baada ya miezi mitatu

Nusura niirudishe Kampala. Ilikuwa imeshaingia kwenye boksi lake, nauli ya basi nimeiweka kando, na maneno ya kumwambia yule muuzaji wa Kiyembe nimeyapanga njia nzima.

Ni cherehani ya umeme ya kuweka mezani, ya wanaoanza. Nililipa shilingi 450,000 za Uganda. Dukani walinishonea mistari miwili kwenye kipande cha pamba, ikanyooka vizuri, nikaridhika. Nilipoifikisha huku Busia nikaijaribu kwenye kitenge: juu mshono safi, chini uzi umejikunja vitanzi vitanzi kama taulo. Kwa kuwa uchafu ulikuwa chini, nikaamua mkosaji ni bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Nikakaza skurubu ya kikasha chake. Vitanzi vikazidi. Nikashika kidude cha tensheni, cha kukaza uzi wa juu, kile chenye namba, nikakitoa 4 hadi 7, hadi 9. Hakuna kilichobadilika. Kijitabu chake kina picha ndogo kama stempu, hakikunisaidia.

Kabla ya kupanda basi nikaipitisha kwa mzee mmoja anayeshona kwenye varanda karibu na soko, mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga. Tensheni hata hakuitazama.

"Mama, ulipotia uzi, mguu wa kubana kitambaa ulikuwa juu au chini?"

"Chini, Mzee."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe mguu ukiwa chini, zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi zimeshafumba. Uzi unapita kandokando, haushikwi na kitu, hata uzungushe namba mpaka kesho. Unaposhona, bobini inauvuta uzi wa juu uliolegea, nao unajikunja chini ya kitambaa. Yaani vitanzi vikiwa chini, tafuta kosa juu. Akauchomoa uzi wote, akainua mguu, akautia upya, akarudisha namba 4. Mshono ukatulia, ila uzi wa juu bado ulikuwa unachungulia chini ya kitambaa, na hilo lilikuwa la kwangu mwenyewe, la ile skurubu. Akaning'iniza kikasha kwa uzi wake: kikaganda hewani, hata alipoutikisa. Kinatakiwa kitulie, kisha ukitikisa mkono kishuke kidogo. Akalegeza robo mzunguko, akajaribu, akalegeza tena. Akanitoza 5,000. Sikubishana.

Kuna kingine alichonifundisha nikakipenda: tia uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kwenye kibaki cha kitambaa kilekile unachotaka kukishona. Macho yatakuonyesha uzi upi unamvuta mwenzake.

Sasa cherehani yenyewe. Kwa kitenge na sare za shule, sina lalamiko, na haipigi kelele, watoto wanalala. Kwa gomesi, lile gauni la kina mama wa Uganda, ya kitambaa cha kuteleza, ilikuwa inaruka mishono mpaka nilipobadilisha sindano. Waliyonipa ni namba 14, nikaweka 11. Jinzi usiipelekee. Tabaka mbili inapita kwa kulalamika, kwenye pindo la suruali inasimama. Bobini tatu za plastiki zilizokuja nayo, moja haikai sawasawa, nimeitupa. Na umeme ukikatika, ambavyo huku hutokea, unakaa unaitazama wakati mzee wa varanda anaendelea kukanyaga.

Duka nalilaumu kwa jambo moja. Wao wenyewe ndio walionitilia uzi, haraka, mimi nikitazama kitambaa. Wewe ukienda, waambie wauchomoe, ukautie kwa mkono wako mbele yao, mguu ukiwa juu, ndipo utoe pesa.

Skurubu sijaigusa tena. Kidude kinakaa 4, kwa gomesi nakishusha 3. Lile boksi mwanangu amelichukua, anafugia vifaranga.