Mtoto kahamishwa, ruzuku imebaki: uzoefu wangu na dawati moja la halmashauri

Naanza na nyota moja kwa dawati la mpango wa ruzuku za kaya maskini. Ikipanda, itapanda huko mbele, kwa sasa bado nina hasira.

"Bibi, si umemchukua mjukuu ili upate hela za mpango?" Hayo aliambiwa mama mtu mzima mbele ya foleni nzima, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja, mwaka jana kabla ya masika. Aliyemwambia ni kijana wa dawati ambaye hata barua aliyokabidhiwa hakuwa ameifungua, na shikamoo hakutoa. Bibi akamjibu taratibu, "Mwanangu, hela ya mpango mimi sijawahi kuishika," akaanza kuikunja barua yake airudishe kwenye kitenge. Ilibidi nimzuie. Barua ilitoka kwa afisa ustawi wa jamii, jengo hilohilo, mlango wa tatu, na mhuri ni wa mkurugenzi huyohuyo. Wala haikuomba hela. Ilisema mtoto wa darasa la tatu amehamishiwa kwa bibi yake kata nyingine kwa sababu za kiusalama, na kwamba taarifa za kaya anakotoka zirekebishwe.

Upande wa ulinzi wa mtoto nausifu, na sisifu ovyo. Taarifa ilipita kwa mtendaji wa kijiji, ikafika Dawati la Jinsia na Watoto polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ikatoka, mtoto akapimwa. Afisa ustawi alizungumza na mtoto peke yake, mbali na baba wa kambo na mbali na mama pia. Kwa bibi alikagua mtoto atalala wapi, nani mwingine anaishi pale, shule iko umbali gani, na kama bibi mwenyewe yuko radhi au kasukumwa na ukoo. Ndivyo inavyotakiwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaibebesha halmashauri yenyewe wajibu wa kulinda watoto walio kwenye eneo lake, na inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa. Mpaka hapo ningetoa nyota nne.

Kizaazaa kilianzia kwenye ruzuku. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ule unaosimamiwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), unalipa kaya. Mtoto ni jina ndani ya kaya. Sehemu ya ruzuku inategemea masharti: mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, wadogo wapelekwe kliniki. Malipo ni kila baada ya miezi miwili. Sasa mtoto anapoondolewa nyumbani kwa usalama wake, daftari la shule ya zamani linaendelea kumwita. Asipoitika, anaandikwa hayupo. Shule anayotoka isipomwachia kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu na uhamisho wa wanafunzi, jina linabaki palepale hata kama mtoto amekaa dawati la mbele kwenye shule mpya, na fomu ya masharti inayotoka shuleni inamsoma kama mtoro. Fomu niliyoiona mimi haina mahali pa kuandika kwa nini hayupo. Ni kahudhuria au hakuhudhuria, basi. Kinachofuata ni makato.

Makato hayo hayamgusi baba wa kambo, yanamgusa mama aliyebaki na wadogo wawili. Na mama, akishaona hela imepungua na kuambiwa ni utoro wa mkubwa, anafanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya: anafunga safari kwa bibi kumdai mtoto arudi ili asomeke shuleni. Yaani makato ya utoro yanageuka kuwa nguvu ya kumrudisha mtoto kwenye mkono uliokuwa unampiga. Ofisi moja imemtoa, nyingine inamvuta, na wote wanakunywa chai kantini moja. Hili ndilo linaloniudhi kuliko lile jibu la kihuni, ingawa jibu la kihuni nusura lilisababishe, maana barua isingepokelewa siku ile bibi asingerudi tena. Nauli ya bodaboda kutoka kwake si ya kuchezea.

Nimtendee haki yule kijana, kidogo. Udanganyifu upo. Kila utambuzi wa kaya, yaani zoezi la kuchagua kaya za kuingia kwenye mpango, unapokaribia, kuna nyumba zinazoazima watoto ili zionekane zina mzigo mkubwa, na watu wa mpango wamechoka nazo. Halafu barua za ustawi kwa kawaida hazitaji mtoto alifanyiwa nini, na ni sawa zisitaje, kwa sababu karatasi ile itapita kwa masijala, mtendaji na kamati ya kijiji kabla haijafika. "Sababu za kiusalama" inatosha. Ila kwa mtu wa dawati ambaye hajaelekezwa maana yake, barua isiyo na sababu inanukia ujanja. Kwa hiyo kushuku, sawa. Kumshuku bibi kwa sauti mbele ya watu wa kijiji chake, wakati aliyeandika barua yuko hatua ishirini kutoka hapo na ana simu, si sawa. Narudisha nyota niliyotaka kuongeza.

Chanzo cha yote kinajulikana na kila anayefanya kazi hizi. Mpango wa ruzuku uko chini ya Ofisi ya Rais, upande wa Utumishi. Sera ya ustawi na watoto iko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Maafisa wenyewe wa wilayani wanawajibika TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Jalada la ustawi linafunguliwa kwa jina la mtoto, la mpango linafunguliwa kwa namba ya kaya, na nilichokiona pale ni kwamba hakuna namba inayofanana kwenye majalada hayo mawili. Asipopatikana mtu wa kuandika namba ya kaya juu ya barua ya ustawi, barua hiyo kwenye ofisi ya mpango ni karatasi tu. Hiyo ya bibi haikuwa nayo. Tuliiandika kwa kalamu palepale, kutoka kwenye kitambulisho cha mama wa mtoto.

Na hapa ndipo nyota inapanda. Mratibu wa mpango pale halmashauri alipotoka kikaoni akaisoma barua, alimpigia mwalimu mkuu wa shule ya zamani hukohuko kwenye korido. Mtoto akaachiwa kwenye mfumo wiki hiyo, na badiliko la kaya likaingizwa kabla orodha ya malipo haijafungwa. Simu moja. Akamwomba bibi radhi pia, kwa heshima kabisa. Nyota tatu basi. Lakini kila nikiifikiria ile simu hasira inarudi: kama inawezekana kwa dakika chache, kwa nini itegemee mratibu kutoka kikaoni? Mbili.

Bibi mwenyewe hapati kitu, na hilo watu wengi hawalielewi. Kumpokea mtoto hakukuingizi kwenye mpango. Kaya mpya inaingia kupitia utambuzi, yaani mkutano wa kijiji na dodoso, na utambuzi haufanyiki kila mwezi. Asiahidiwe. Anachoweza kusaidiwa mapema ni uhamisho wa shule bila kuzungushwa, na barua ya ustawi ya msamaha wa matibabu mtoto akiugua.

Kama unasindikiza kaya ya aina hii, usitoke ofisi ya ustawi bila namba ya kaya kuandikwa kwenye barua, na jina la shule zote mbili. Toa nakala tatu: ya mratibu, ya mwezeshaji wa mpango kwenye kata, na moja ubaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala isiyo na mhuri kesho itaambiwa haikufika. Mwulize mratibu orodha ya malipo inafungwa lini, kwa sababu badiliko likichelewa siku moja linasubiri awamu inayofuata, na makato ya kati hapo yanahitaji malalamiko ya maandishi kupitia kamati ya usimamizi ya jamii. Omba pia mwezeshaji aalikwe kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata, zile za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Polisi, mwalimu, muuguzi na viongozi wa dini wanakaa humo. Kwenye kata ile, mtu wa ruzuku hakuwahi kuitwa.

Mama naye aambiwe mapema, na afisa ustawi, siyo na wewe, kwamba makato yanashughulikiwa. Akija kumdai mtoto kabla hayajarekebishwa, bibi asibishane naye mlangoni. Apige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, aseme mtoto ana jalada ustawi na mama yake anataka kumrudisha.