Mshale wa temperecha kwenye Corolla ya 1998: nilichopima na nilichonunua bila faida

Gari lenyewe ni Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, nimeachiwa na marehemu baba. Kabla ya kunikabidhi funguo alinisisitizia jambo moja: mshale wa temperecha usiusahau hata dakika moja. Kwa hiyo siku uliporuka hadi H (alama ya moto) nikiwa kwenye foleni ya Kibaha, naelekea Morogoro, moyo ulinienda mbio. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti. Hakuna mvuke, hakuna harufu ya kulanti (maji ya kupozea injini), wala chupa ya akiba haikuwa inatokota. Nilipowasha swichi tena, mshale ulikuwa pale pale pa siku zote.

Fundi wa kwanza hakupima kitu. "Dada, hiyo ni gasketi ya silinda hedi." Laki nne na nusu, na themostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate moto) aitoe kabisa kwa sababu huku kwetu ni joto. Hili la kutoa themostati linaniumiza kila ninapolisikia. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, maana injini imeundwa ifanye kazi ikiwa ya moto. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta zaidi, na mshale unakaa chini hata kama ni mzima. Nikakataa yote mawili.

Fundi wa pili alisema ni sensa, yaani kipima joto la maji kinachoupa mshale taarifa. Nikanunua mpya Gerezani, Dar es Salaam, kwa 25,000, boksi zuri, akafunga. Kuanzia hapo mshale haukuruka tena, lakini pia haukupanda: asubuhi, mchana, foleni au barabara tupu, umekaa kidogo tu juu ya C (alama ya baridi). Niliogopa kuliko mwanzo. Mshale unaoruka unakufanya usimame. Unaolala unakuacha uendelee hadi injini iungue.

Ndipo nikanunua mita ya umeme ya dijitali, 18,000, na hicho ndicho kifaa ninachokisifu kwa moyo wote.

Kwenye injini hii, upande wa distributa (inayogawa umeme wa plagi), kuna sensa mbili za joto la maji. Yenye waya mmoja ni ya mshale tu. Yenye waya mbili ni ya kompyuta ya injini, na haihusiki na dashibodi, ingawa wapo watu wanaouziwa hiyo kwa tatizo la mshale. Ile ya waya mmoja inapata ethi yake (njia ya umeme kurudi kupitia chuma) kwenye nyuzi za skrubu za mwili wake, pale inapokaza kwenye chuma cha injini, kwa hiyo fundi akiizungushia tepu nyeupe ya mabomba tabaka juu ya tabaka, vipimo vinaweza kuharibika.

Nilisubiri injini ipoe kabisa. Nikachomoa ule waya, nikawasha swichi bila kuwasha injini: mshale ukalala C. Nikaupeleka waya kwenye ethi kupitia taa ndogo ya wati 3.4 (usiuguse moja kwa moja, unaweza kuunguza geji, yaani saa yenye mshale): mshale ukapanda kuelekea H. Basi geji ni nzima, na laini kutoka dashibodi inafika. Mshale wa mafuta nao ulikuwa unasoma vizuri, hivyo fyuzi iliyoandikwa GAUGE, inayolisha mishale yote miwili, sikuhangaika nayo.

Baada ya hapo nikahamia jikoni. Sensa ya zamani nilikuwa nimeitunza, namshukuru Mungu. Sensa hii kadiri inavyopata moto, ndivyo ohm zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinavyoshuka. Kwenye maji ya bomba ile ya zamani ilisoma ohm 600 hivi. Maji yalipochemka ikashuka chini ya 40. Ile mpya, ndani ya sufuria ile ile, iligoma kwenye ohm 95. Ama ni ya gari jingine, ama ni feki, lakini kwangu haifai. Geji ilikuwa inaonyesha kwa uaminifu kile inacholetewa.

Sasa kama sensa ya zamani ni nzima, nini kilirusha mshale? Maji hayapati moto kwa sekunde moja. Kuruka ghafla hadi H ni waya kugusa chuma, sawasawa na nilivyofanya na ile taa. Nikaufuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hadi kwenye breketi moja ambapo plastiki ilikuwa imeliwa na shaba inaonekana. Injini ikitikisika kwenye foleni, waya unagusa chuma. Fundi umeme wa mtaani aliuunga kwa risasi ya kulehemu, akauvika mpira, akauhamishia mbali na breketi kwa 10,000. Sensa ya zamani ikarudi mahali pake.

Kulanti iliyomwagika wakati wa kubadilisha sensa ijazieni, na hewa itoeni yote. Sensa ikibaki kwenye hewa badala ya maji, mshale unaweza kushuka huku injini inaiva. Na mshale ukipanda taratibu, ukiwa na harufu tamu au mvuke, huo si waya. Simameni, na kifuniko cha rejeta msikiguse hadi kipoe.

Ni mwezi wa nne sasa tangu waya uungwe. Juzi nimepanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, jua la saa nane, AC inafanya kazi, na mshale ulibaki chini kidogo ya nusu mwanzo hadi mwisho.