CrisisWatch na podikasti ya The Horn: uzoefu wangu kama muuza vitenge wa Kariakoo

Nina frem ya vitenge Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo, na zaidi ya nusu ya mzigo wangu unakwenda kwa wateja wa Goma, Bukavu na Uvira, miji ya mashariki mwa Kongo. Wengi nawapa mali kauli: wanachukua marobota leo, wanauza kwao, pesa inarudi baada ya wiki tatu au nne. Barabara ikifungwa katikati, mtaji wangu unabaki upande wa pili. Kwa hiyo nafuatilia vita na siasa za dunia kama wenzangu wanavyofuatilia bei ya dola.

Kwanza nilijiunga na kundi la WhatsApp la mchambuzi mmoja, shilingi 10,000 kwa mwezi. Kila asubuhi anatuma sauti ya dakika kumi: nani atashinda Ukraine, lini Iran itapigwa, nani yuko nyuma ya nani. Anaongea vizuri, sauti nzito, huna swali. Mwezi wa tano nilichukua daftari la duka, upande mmoja nikaandika alichotabiri, upande wa pili kilichotokea. Siku hiyo hiyo nikaacha kulipa. Kukosea nisingemlaumu, maana nani asiyekosea. Kilichoniudhi ni kwamba hakurudi hata mara moja kutuambia hapa nilikosea, na kati yetu walikuwamo watu walioagiza mizigo kwa maneno yake.

Agosti 2024 mpwa wangu anayesoma uhusiano wa kimataifa akanionyesha CrisisWatch. Ni mapitio ya kila mwezi ya International Crisis Group, taasisi yenye makao makuu Brussels, iliyoanzishwa 1995 na watu walioumizwa na jinsi dunia ilivyoshindwa Somalia, Rwanda na Bosnia. Mapitio yenyewe yalianza 2003 na yanafuatilia migogoro zaidi ya 70. Ni bure. Unafungua ramani, unagusa nchi, unaona kama hali mwezi huo imezorota, imepata nafuu au imebaki ilivyokuwa. Chini yake kuna aya chache: nani alifanya nini, mji gani, tarehe ngapi. Mwanzoni niliona kavu. Hakuna anayekuambia nani mbaya, nani atashinda. Ilinichukua miezi miwili kuzoea kusoma habari ya vita bila kupewa hitimisho mkononi.

Kilichonifunga kwake ni kumbukumbu za nyuma. Wateja wangu wa Goma walikuwa na msemo mmoja kila waasi wa M23 walipokaribia: "Balishaingiaka, bakatoka," yaani walishawahi kuingia, wakatoka. Ni kweli. Waliingia Goma Novemba 2012 na hawakumaliza wiki mbili. Nikarudi kusoma mapitio ya miezi ile, moja baada ya jingine hadi mwisho wa 2013, simu mkononi na ramani ya Kivu ukutani. Nikaelewa kwamba hawakutoka wenyewe tu. Wafadhili walisimamisha misaada kwa Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia, marais wa ukanda wakabana, kisha 2013 Umoja wa Mataifa ukapeleka brigedi ya mapambano yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nikajiuliza: safari hii, M23 wakikaribia tena, hayo yote yako wapi? Mchambuzi wa sauti nzito hakuwahi kunifikisha kwenye swali hilo.

Basi Desemba 15, 2024 marais wa Kongo na Rwanda walipaswa kukutana Luanda, Angola, kutafuta amani, mkutano ukavunjika. Januari mwanzoni mji wa Masisi ukaangukia mikononi mwa M23, baadaye Minova. Mimi Minova naijua kwa sababu moja tu: vyakula vya Goma vinapita huko. Nikawaambia wateja wangu watatu wa Goma kwamba mali kauli nimesimamisha, anayetaka mzigo alipe nusu kwanza. Mmoja alikasirika sana, tumefanya kazi pamoja miaka sita. Januari 27 M23 wakaingia Goma. Siku chache baadaye akanipigia: "Mama, banki yote imefungwa, sina namna ya kukutumia makuta." Deni la zamani alilokuwa nalo alilimaliza kidogo kidogo kwa kuvuka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta pa kutumia pesa. Sitasahau uaminifu ule. Watu walikuwa wanazika ndugu zao, naye anavuka mpaka kulipa deni la vitenge.

Sasa niseme na upande ambao huduma hii haikunisaidia. Bukavu niliiona salama. Nilisoma, nikapima, nikajiambia kwamba kutoka Goma mpaka Bukavu kuna ziwa na milima, Dar es Salaam wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wamekutana Februari 8 kudai vita visimame, nina muda. Nikapeleka marobota tisa kupitia Kigoma, yakavuka ziwa Tanganyika hadi Uvira, yapandishwe lori kwenda Bukavu. Katikati ya Februari Bukavu ikachukuliwa. Mzigo wangu ukabaki Uvira, mji umejaa askari waliokimbia na risasi zinalia usiku. Mteja aliuuza pale pale kwa bei ya kutupa. Mapitio ya Februari yalipotoka mwanzoni mwa Machi yalieleza kila kitu vizuri, na mimi tayari nilikuwa nimeshahesabu hasara.

Kwa hiyo mwenye mali njiani asitegemee kitu kinachotoka mara moja kwa mwezi. Habari za siku nazisikiliza redioni kwa Kiswahili, asubuhi na jioni. CrisisWatch naisoma ili nijue habari ya redioni inakaa wapi katika jambo refu zaidi. Bila redio nachelewa, na bila mapitio kila habari inanishtua sawasawa, kubwa na ndogo.

Podikasti yao ya The Horn ni kitu kingine kabisa, nami naipenda zaidi. Anaiendesha Alan Boswell. Anakaa na mtu mmoja au wawili wanaolijua jambo, anauliza, ananyamaza, anasikiliza. Hakuna kukatana maneno. Naishusha kwa bando la usiku nyumbani, naisikiliza kwenye Mwendokasi kutoka Kimara. Mazungumzo yao mengi ni ya Sudan, Ethiopia, Somalia na Bahari ya Shamu, ingawa mara kadhaa wamegeukia mashariki mwa Kongo. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 15, 2023 nilikuwa naviona ni ugomvi wa majenerali wawili. Kwa kusikiliza nikaanza kuona dhahabu, nchi za Ghuba, Misri, Chad, silaha zinavyopita, na kwa nini El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa muda mrefu hadi ikaanguka Oktoba 2025. Siku ilipoanguka nililia ndani ya basi. Nilikuwa nimeshausikia mji ule miezi mingi, nilijua watu wake walikula chakula cha mifugo.

Jirani yangu anayeuza nguo za Uturuki naye alifaidika. Kontena zake zilianza kuchelewa baada ya Wahuthi wa Yemen kushambulia meli za Bahari ya Shamu kuanzia Novemba 2023, kwa sababu meli za Ulaya na Mediterania ziliacha mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Yeye alikuwa anamlaumu wakala wake wa forodha. Nilimweleza njia nzima kwa kidole juu ya kaunta.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Desemba 2025. Tarehe 4 marais wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani Washington, na simu yangu ikajaa: mama, amani imekuja, leta mzigo Uvira. Lakini tangu Juni, mkataba wa kwanza wa Washington uliposainiwa, na tangu tamko la Doha la Julai kati ya Kongo na M23, nilikuwa nasoma kila mwezi jinsi mapigano yalivyoendelea Kivu Kusini, kijiji kwa kijiji. Nikaacha marobota Kigoma, nalipia ghala. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira.

Kasoro ninazoziona: kila nchi inapata aya chache, kwa hiyo maisha ya raia yanabaki nje. Huwezi kujua bei ya unga Goma, wala mfanyabiashara analipaje deni benki zikifungwa. Vikundi vina vifupisho vingi, usipoandika daftarini unapotea. Na mimi naisoma kwa Kiingereza. Sentensi moja wakati mwingine inanichukua dakika tano, mpwa wangu akiwa mbali nampigia kuuliza. Ninachokielewa natafsiri kwenye daftari, ukurasa wa kila mwezi, na wateja wa Kongo wakija dukani wanauomba. Mmoja wa Uvira alikaa kwenye kigoda akasoma miezi minne mfululizo, chai ikapoa. Alipomaliza aliniuliza kwa nini mambo ya mji wake anayasoma kwa Kiswahili kwenye daftari la muuza vitenge tu.