Uani kwako kuna jangwa na baridi? Anza na ghadafu

Aliyekulia pwani akahamia El Paso, Las Vegas au Albuquerque, miji ya jangwani Marekani, hutamani mti wa makuti uani. Mnazi hauwezi huko. Usiku mmoja wa jalidi huumaliza. Lakini ipo miti ya jamii yake iliyozoea jangwa na baridi pamoja, na naipanga hapa kuanzia ule ningeulipia kwanza.

1. Ghadafu (Nannorrhops ritchiana). Ndugu zetu wa Oman wanaujua kwa jina hilo. Wabaluchi huuita pish. Humea kuanzia Oman na Iran hadi Afghanistan na Pakistan, kwenye makorongo ya mawe yanayoungua kiangazi, na sehemu nyingine hupata theluji majira ya baridi. Ukishakomaa, udongo ukiwa mkavu, huvumilia nyuzi 12 za Selsiasi chini ya sifuri, pengine zaidi. Kwao majani yake husukwa mikeka, vikapu na kamba, kama sisi na ukindu. Shina likishazaa hufa, ila machipukizi ya pembeni hushika nafasi yake, kwa hiyo hutabaki na shimo uani. Upungufu wake ni kukua polepole sana: miaka ya mwanzo nguvu huenda kwenye mizizi. Tena miche mingine ni ya kijani, mingine ya rangi ya fedha. Ukitaka ya fedha, kauone mche wenyewe, usiridhike na picha.

2. Chamaerops humilis, ile ya majani ya fedha kutoka milima ya Atlas, Moroko. Kwa baridi haiachwi mbali na ghadafu, hupatikana kwa urahisi zaidi na hukaa vizuri hata kwenye chungu. Vikonyo vina miiba mikali. Usiipande wanapochezea watoto.

3. Washingtonia filifera, ya majangwa ya California na Arizona. Ukitaka kivuli upesi, chukua hii, mradi una nafasi: hupita mita 15. Las Vegas sawa, Albuquerque usiitegemee. Vitalu vingi huuza ndugu yake Washingtonia robusta au chotara badala yake, nazo hushindwa na baridi mapema. Ulizia mbegu ilitoka wapi.

4. Brahea armata, ya Baja California, Meksiko. Kwa uzuri hakuna inayoifikia, majani yake ni ya buluu hasa. Naiweka mwisho kwa sababu hukua taratibu na hukasirika mizizi ikiguswa.

Kwa miti yote minne, kinachoua zaidi ni baridi ikikutana na maji. Panda baridi ikishaisha, mahali palipoinuka, kwenye udongo wa changarawe. Kitaluni, shika jani changa la katikati ulivute kidogo. Likitoka mkononi, kiini kimeoza. Urudishe mche huo hata ukipunguziwa bei. Ghadafu uchague ulio kwenye chungu kirefu, maana mzizi wake huenda chini mapema.