Mtihani wa mtandaoni wa kupima waombaji kazi: nyota 3 kati ya 5

Nilikuwa natafuta mtu wa stoo kwa duka letu la spea za bodaboda hapa Gerezani, CV zikamiminika na kila mmoja kajiandika ni mtatuzi wa matatizo, nikaona isiwe tabu ngoja nilipie hii huduma ya kuwapima (jina naliacha), unawatumia linki, wanafanya kwenye simu, maksi zinakuja zenyewe.

Ni maswali 50 kwa dakika 12, mtindo ule wa Wonderlic ya Marekani waliyokuwa wanapewa hadi wachezaji wa NFL, ile ligi yao ya futiboli ya Kimarekani. Yaani kama sekunde 14 kwa swali. Namba gani inafuata, umbo lipi haliendani na wenzake, na yote Kiingereza. Nilijaribu na mimi nikapata 23, wife anacheka mpaka leo.

Muda unaokoa kweli, watu 14 jioni moja. Na dada aliyeongoza kwa 34 nilivyomwita dukani ni mwepesi hasa, hesabu za dazeni anapiga kichwani. Ripoti inakuonyesha pia nani kakosea na nani kaishiwa muda, hiyo nimeipenda.

Sasa shida. Bando likikata saa yao haisimami, kijana mmoja kakwama swali la 17, nikaomba arudie, wakanijibu baada ya siku 4 eti nilipie upya! Halafu hujui kafanya mwenyewe au binamu yake wa chuo. Kuna aliyepata 31, nilivyompa maswali ya aina ile ile kwa karatasi mbele yangu akaanza kutafuta simu.

Ikabidi nitunge la kwangu: mteja wa Mbagala kapokea breki shuu 36, risiti inasema 48, dereva anaapa kapakia zote, unaanzia wapi? Wengi walikimbilia kumkata dereva mshahara. Kaka mmoja aliyepata 19 tu kwenye linki akauliza, "Bosi, stoo mmeshahesabu? Zikizidi 12 hazikupakiwa, na kama hazijazidi ndo tumwulize dereva alisimama wapi." Na ripoti yake nikairudia, alijibu maswali 21 tu, 19 kapata.

Dada nimemweka kaunta, kaka yuko stoo. Linki nitalipia tena siku nikitafuta mtu wa mahesabu, ila wa stoo watakuja kukaa na karatasi mbele yangu.